Kabla ya Skana, Daftari

Hotuba iliyotolewa kwa walimu, wakutubi, wanafunzi na wageni waalikwa wakati wa kufungua chumba cha vitabu adimu na nyaraka katika maktaba ya chuo kimoja jijini Mwanza. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wakutubi wenzangu, vijana, na ninyi wazee mliokubali kupanda ngazi zote zile asubuhi hii: mwangaluka!

Naona wengine mmeitikia na wengine mmeangaliana. Mlioangaliana ni wageni wa jiji. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, karibuni sana, mtazoea.

Nimealikwa kuzungumzia vitabu adimu na nyaraka za chuo kwa sababu leo chumba chake kimepata mlango mpya, rafu za chuma na feni mbili. Mkuu wa Chuo ametuambia kwamba mwakani, Mungu akijalia, tutapata na skana. Nampongeza. Ila mimi nimekuja kumwomba kitu cha bei ndogo kabla ya hiyo skana, na nakiomba mbele ya mashahidi ili asije akasahau: daftari kubwa lenye jalada gumu, pakiti mbili za penseli, na vijana wanne wenye mwandiko unaosomeka. Nataka kila kilichomo ndani ya chumba kile kiandikwe. Vitabu, picha, barua, hata zile karatasi zilizofungwa kwa kamba ya katani ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi.

Katika kazi hii nimeona mchwa, nimeona mvua ikipita darini, nimeona panya waliozalia ndani ya kamusi. Lakini kilichotupotezea vitu vingi kuliko hao wote ni kutoandika. Kitabu kisichokuwa kwenye orodha, mtu akikichukua leo, kesho hakuna atakayekiulizia. Jalada lisilo na namba, likihamishwa ofisi, limekwisha. Nimewahi kununua karanga barabarani, nikafungua ile karatasi iliyosokotwa, nikakuta mwandiko wa mkono wa karani wa zamani, wino wa bluu, tarehe na saini vipo. Muuza karanga hana kosa. Yeye alinunua karatasi kwa kilo kutoka kwa mtu aliyeambiwa asafishe stoo, na yule wa stoo hakupewa orodha ya kumwonyesha kipi kibaki na kipi kiende.

Sasa tuangalie tulichonacho. Mtu akisikia "vitabu adimu" anafikiria majalada ya ngozi na herufi za dhahabu. Sisi tuna juzuu kadhaa za Mambo Leo, lile gazeti la Idara ya Elimu lililoanza kutoka Januari 1923. Tuna kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Tuna katekisimu na vitabu vya sala vya Kisukuma vilivyochakaa kwa kushikwa, na huko kuchakaa ni heshima yake. Hivi ndivyo vilivyopewa kabati la kioo.

Chini ya meza, kwenye maboksi ya sabuni, kuna vitu vingine: majarida ya wanafunzi yaliyopigwa kwa stensili, madaftari ya mahudhurio, picha za timu za mpira, hesabu za duka la ushirika la chuo, barua za wakuu waliotangulia wakiomba bati, wakiomba walimu, wakiomba tena bati. Kwa maoni yangu mambo yamepinduliwa. Kamusi ile ya 1939 ni kitabu kizuri, lakini ilichapwa kwa wingi na nakala zake ziko katika maktaba nyingi duniani. Lile jarida la stensili, ambamo mwanafunzi wa zamani amelalamikia ugali wa bwenini kwa beti nane zenye vina, yawezekana limebaki hili moja tu juu ya uso wa dunia. Mkiniuliza kipi kikae kwenye kabati la kioo, nitawaambia hilo jarida.

Nije kwenye ziwa, maana hapa ndipo orodha inapoonyesha kazi yake vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, alizunguka Ziwa Victoria akipima uvuvi. Malalamiko yalikuwepo tayari: nyavu za makila za kisasa, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, zilikuwa zimeingia ziwani tangu mwaka 1905, na wavuvi walikuwa wakisema samaki wanapungua. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Ndani yake alipendekeza nyavu zisiwe na macho madogo chini ya inchi 5, na akasema ziwa zima lisimamiwe kwa pamoja badala ya kila serikali kushika upande wake. Halafu akagusia hoja iliyokuwa ikizungumzwa ya kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine. Akaonya kwamba kufanya hivyo bila utafiti mpana kwanza kungekuwa hatari kubwa mno.

Mnajua kilichofuata. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa ziwani. Kwa muda ikaonekana kama hakuna kilichotokea, kisha miaka ya 1980 akafumka. Leo kijana wa Mwanza hawezi kulifikiria ziwa bila sangara. Onyo lilikuwa limechapwa, limefungwa vizuri, limewekwa kwenye rafu za maofisi.

Sisemi kwamba lingesomwa sangara asingeletwa. Wakubwa wakitaka jambo huwa wanalifanya hata wakiwa wamesoma. Lakini fikirieni upande wa pili wa habari hiyo, unaotuhusu sisi wa Mwanza moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa hapa, walikaa katika Ghuba ya Mwanza wakivua furu. Mnawafahamu furu, wale samaki wadogo ambao bibi zetu waliwakausha na wenye magari wakawadharau. Watafiti wale walikuwa wakiwatenganisha aina kwa aina: huyu anakula konokono, huyu anakula mayai ya wenzake, huyu anakwangua mwani kwenye miamba, huyu anakaa kwenye tope. Wengi hawakuwa na jina la kisayansi, ikabidi wapewe majina ya muda ili kazi iendelee. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na sifa, ya kuandika namba kwenye vichupa.

Miaka michache baadaye sangara akaufikia Ghuba kwa wingi, na furu wa maji ya katikati wakatoweka mbele ya macho yao. Mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote ama walikwisha ama wakabaki wachache sana. Na sababu ya mimi kuweza kusimama hapa na kuwaambia hivyo ni ile orodha. Kama wasingekuwa wameandika kabla, tungesema tu "zamani kulikuwa na furu wengi," kama wazee wanavyosema zamani kulikuwa na mvua. Sasa tunaweza kutaja waliokuwepo, walikula nini, na walivuliwa kina gani cha maji. Na pale baadaye baadhi yao walipoanza kuonekana tena, kulikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Ziwa lenyewe pia limeandikwa. Kimo cha maji kinapimwa upande wa Uganda, Jinja ikiwemo, na namba zake zinaanzia mwaka 1896. Mvua za mwaka 1961 zilipopandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 hadi kufika kilele mwaka 1964, ilijulikana limepanda kiasi gani kwa sababu kulikuwa na namba za miaka iliyotangulia. Mwaka 2020 maji yalipofikia tena kimo kile na kuingia kwenye majumba ya watu pwani nzima, waliojenga walishangaa. Daftari la Jinja halikushangaa. Sasa hapa chuoni tuna picha za zamani za ufukwe, gati na mashua, nyuma hazikuandikwa mwaka wala mahali. Mwenye kumbukumbu ya kututajia miamba ile ni ipi yuko kati yenu, na hatuna hakika kwamba mwakani atakuwa bado yuko kati yetu. Mnisamehe wazee, nasema kwa nia njema.

Nivuke maji niende Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyesoma seminari ya Rubya kule Kagera, alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Wachapishaji hawakutaka kitabu cha Kikerewe. Muswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyekuwa akitafiti historia ya kisiwa hicho, alikutana na mzee na kusaidia kazi ile ijulikane. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki.

Wengi huishia hapo wakisikitika. Mimi huwa naendelea hadi mwaka 2002, pale Gabriel Ruhumbika, mwandishi na yeye mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka kwenye Kikerewe chenyewe, sio kutoka kwenye Kiswahili. Angalieni ilivyowezekana. Maandishi ya Kikerewe yaliyokataliwa na kila mchapishaji yalikuwa bado yapo, na kulikuwa na watu wanaojua yapo wapi. Zaidi ya nusu karne! Ndani ya maboksi yetu ya sabuni kuna miswada ambayo hakuna aliyeifungua. Huenda ni maandalio ya masomo tu. Huenda sivyo. Hakuna ajuaye, na hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Kuna kisa kingine kifupi. Mwaka 1916 Wajerumani walipobanwa vitani, walifukia sehemu ya majalada ya serikali yao kule Tabora, mji ambao Wabelgiji waliuteka Septemba mwaka huo. Baada ya vita majalada yalifukuliwa kwa msaada wa waliojua yalipofukiwa, na leo ni sehemu ya hazina ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Waliojua wangefia vitani, mchwa wa Unyamwezi wangekuwa ndio watafiti pekee wa utawala wa Kijerumani.

Nimetaja Idara hiyo. Vijana, ina kituo cha kanda hapa hapa Mwanza, na humo kuna majalada ya lililokuwa Jimbo la Ziwa. Nendeni. Wengi wenu mnaandika tasnifu juu ya pamba, ardhi, mifugo na uhamiaji mkiwa na kurasa mlizopakua kwenye intaneti, na barua zenyewe ziko umbali wa nauli ya daladala.

Hili linanileta kwenye sehemu ya pili ya daftari ninaloliomba. Sehemu ya kwanza ni vitu vilivyomo chumbani. Ya pili iwe ya vitu vyetu vilivyoko kwa wenzetu. Barua za Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefukuzwa Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro kusini mwa ziwa na mashine yake ya kuchapa, na kufariki huko Februari 1890, ziko pamoja na hifadhi ya shirika lake katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mapadri Weupe waliofika Kageye mwaka 1878 na kuanzisha Bukumbi mwaka 1883 walikuwa na amri ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba kila misheni iandike shajara kila siku. Kwa hiyo mvua, njaa, wageni, ugomvi wa watemi na magonjwa ya pwani hii viliandikwa kwa Kifaransa, na shirika linatunza hifadhi yake Roma. Karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na aliyetoa kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, ziko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Furu wetu waliomo kwenye vichupa wako Leiden.

Wengine hupandisha hasira hapa na kudai kila kitu kirudishwe. Kuna vitu vya kudai, na wanasheria waendelee. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anayehitaji kujua mvua ya Bukumbi ilivyokuwa hawezi kungoja mahakama. Anahitaji ukurasa mmoja unaomwambia: kipo pale, kwa lugha ile, na anwani ya kuandikia ni hii. Kazi ya mkutubi ni kumpa huo ukurasa.

Na karibu zaidi ya Roma, kuna Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Na kuna majumbani mwenu. Paul Bomani na wenzake walipounganisha vyama vya wakulima wa pamba hadi ikazaliwa Victoria Federation mwaka 1955, vita yao ya kwanza ilikuwa juu ya mizani. Mkulima alikuwa akipunjwa na hana cha kuthibitishia. Wakaweka wapimaji wao, wakaanza kuandika. Madaftari yale ya mizani, risiti, kadi za uanachama, mihtasari ya vikao vilivyofanyika chini ya miti, mengine yako kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda vya wajane kuanzia Magu hadi Geita. Yakifa, historia ya pamba itabaki ile iliyoandikwa na maofisa peke yake.

Sasa maadui. Nitapita haraka kwenye wale mnaowajua. Karatasi nyingi za tangu nusu ya pili ya karne ya 19 zimetengenezwa kwa ubao, zina tindikali ndani yake, na zinavunjika zenyewe hata zisipoguswa. Hilo hatuwezi kuliponya kwa bajeti yetu, tunaweza kulichelewesha. Pini na stepla zenye kutu zitolewe. Selotepu ni marufuku, inaacha gundi ya njano isiyotoka. Na ile plastiki ya moto ya steshenari, lamineshoni, ambayo kila mzazi wa Kitanzania ameipigia cheti cha kuzaliwa akidhani anakitunza, isikaribie chumba kile kabisa. Ikishapigwa haitoki bila kuing'oa karatasi. Glavu za pamba kama za kwenye sinema hatuzihitaji kwa karatasi. Mikono iliyonawiwa na kukauka inatosha na inahisi ukurasa vizuri zaidi. Kwa picha, shikeni kingo.

Unyevu ndio unaotupa shida pwani hii. Hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu ukungu unaanza kuota. Watu hukimbilia kiyoyozi, kisha saa tisa na nusu ofisi inafungwa na umeme unazimwa. Chumba kinapoa mchana, kinapata joto usiku, na kila siku karatasi inatanuka na kusinyaa. Afadhali feni, rafu zilizoachana na ukuta wa nje, na rafu ya chini iliyoinuliwa kutoka sakafuni. Kila Ijumaa mtu apite na tochi kutafuta njia za mchwa kwenye kona. Ijumaa zote, pamoja na za likizo.

Halafu kuna mafuriko, na hapa nina jambo ambalo sijalisikia likisemwa Mwanza, ingawa Mwanza ndiyo inayopaswa kulisema kuliko miji mingine. Mnajua mvua ikishuka kutoka kwenye milima yetu ya mawe inavyofanya, na Mto Mirongo unavyofurika. Kitabu kikilowa, mna siku mbili au tatu kabla ukungu haujakitawala. Vikilowa vitabu mia tano huwezi kuvikausha vyote ndani ya siku tatu, hata ukiita chuo kizima na kamba za kuanikia nguo. Picha na karatasi za kung'aa zikikaukia pamoja zinashikana kama tofali, hazitenganishwi tena. Duniani kote wanachofanya ni kugandisha. Unavifunga vitabu vilivyolowa, unaviingiza kwenye baridi kali, na saa inasimama. Kisha unavitoa vichache vichache, unavikausha kwa feni na karatasi za kunyonya maji, hata ikichukua mwaka. Baridi hiyo hiyo inaua wadudu kwenye vitabu vikavu: mfuko wa plastiki uliobanwa hewa ikatoka, nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, wiki moja au mbili, na ukikitoa usifungue mfuko mpaka kitabu kipate joto la chumba, ama sivyo kitatoka jasho.

Maktaba kubwa hununua majokofu ya namna hiyo kwa fedha nyingi. Sisi tuna viwanda vya minofu ya samaki. Mji huu una vyumba vya baridi ambavyo miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Namwomba Mkuu wa Chuo aandike barua moja, leo jua likiwa linawaka, kwa kiwanda kimoja kilicho tayari, tukubaliane kwamba siku ya dharura tutapewa kona na masanduku ya plastiki. Siku ya mafuriko hakuna atakayepokea simu. Na mtaona dunia ilivyo na kejeli: sangara, samaki wa namna ile ambayo Graham alionya juu ya kuletwa kwake mwaka 1929, ndiye aliyejenga majokofu yanayoweza kuiokoa ripoti ya Graham.

Msidhani nawatisha bure. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani Cape Town ukaingia chuo kikuu, ukateketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger, pamoja na vitabu vya masomo ya Afrika vipatavyo 70,000. Milango ya kuzuia moto ilijifunga na kuokoa sehemu nyingine za hazina. Kisha maji ya zimamoto yakashuka hadi vyumba vya chini vilivyotunza nyaraka. Watu waliojitolea wakapanga mistari, wakapitisha masanduku mkono kwa mkono siku nyingi. Lakini baada ya moshi kutulia swali lililobaki lilikuwa la kikatalogi: kulikuwa na nini? Kilichoandikwa kinaweza kutajwa kwa jina, kikatafutwa nakala mahali pengine, kikanunuliwa au kuombwa. Kisichoandikwa kimeungua mara mbili.

Na sisi watu wa ziwa tunalijua hilo kwa namna isiyohusu vitabu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa madaraja ya juu walikuwa wameandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa tofauti tofauti, na kule Igoma kuna makaburi ambayo hakuna awezaye kusema ndani yamo majina gani. Sitasema zaidi, kuna wenye ndugu zao humu ukumbini.

Daftari liwe na safu hizi: namba, kitu chenyewe ni nini, nani alikiandika au kukipiga, mwaka, lugha, kilitoka kwa nani, kina hali gani, na kiko rafu ipi. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli nyuma ya jalada, sio kwa kalamu, sio kwa muhuri katikati ya picha. Usipojua mwaka, acha wazi, usibuni. Na pawe na nakala ya pili ya daftari hilo katika jengo jingine. Mambo ya wanafunzi walio hai, alama zao, adhabu zao, barua za hospitali, yaorodheshwe lakini yasifunguliwe. Skana ikija tutafurahi, na tutaanza na kipi tutakuwa tunajua. Asanteni.

Baada ya hapo kijana mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera nzuri, kwa nini tusipige picha zote kwa siku moja, halafu tukaacha karatasi?

Nilimwomba atuonyeshe simu yake, akacheka, akaileta. Nikamuuliza ana picha ngapi humo. Zilikuwa maelfu. Nikamwomba anitafutie picha ya kitambulisho cha mama yake aliyosema anayo, akatafuta mpaka ukumbi ukaanza kumshangilia. Aliipata, tumpe haki yake. Lakini yeye anamjua mama yake. Picha elfu sita zenye majina ya namba tupu, zilizopigwa na mtu aliyeshahitimu na kuondoka, nani atazitafuta humo barua ya bati? Pigeni picha, ndiyo, na jina la faili liwe ile namba ya kwenye daftari. Karatasi zibaki. Kuna mambo ambayo kamera haichukui: alama ya kiwanda ndani ya karatasi ukiiinua kwenye mwanga, penseli iliyofutwa, mpangilio wa barua ndani ya jalada unaoonyesha ipi ilijibiwa na ipi iliachwa.

Swali la pili lilitoka kwa mzee aliyevaa kofia ya ukili. Alisema ana daftari la mizani la marehemu baba yake, la chama cha msingi, na watoto wake wanataka kulitupa. Akilileta litakuwa mali ya nani?

Nilimjibu kwamba ziko njia tatu, na yeye ndiye mwenye kuchagua. Anaweza kutupatia liwe letu moja kwa moja, na jina la baba yake likaandikwa kwenye safu ya "kilitoka kwa nani." Anaweza kutukabidhi tulitunze huku likibaki mali ya ukoo. Au tukalipiga picha mbele yake, akarudi nalo nyumbani siku hiyo hiyo. Vyovyote iwavyo kutakuwa na karatasi ya makubaliano yenye saini mbili, moja yake, moja ya chuo, na nakala ataondoka nayo. Mzee akauliza kama alifunge kwenye mfuko wa plastiki njiani kwa sababu ya mvua. Nikamwambia: Mzee wangu, lifunge kwanza kwenye kitambaa cha pamba, kisha mfuko juu yake, na ukifika hapa mfuko tutautoa mara moja. Njoo siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane mchana. Na kama kurasa zimeachana, usizigundishe kwa kitu chochote, zilete hivyo hivyo zilivyo.